Blanketi Moja, Limepotea

Sikupata kipande cha gwanda.
Gwanda ni mali ya jeshi; baba alilirudisha limepigwa pasi,
na raia akikutwa nalo, hata kiraka, ana kesi.
Kwa hiyo nimechemsha magome ya mninga,
nikatia tope la bondeni, nikaloweka bafta siku tatu
hadi ikatoka rangi ambayo si kijani wala si udongo,
rangi ya mtu asiyetaka kuonekana.

Majirani wa Isevya wanapita, wanachungulia cherehani.
"Kalunde, mfarishi huo wa harusi ya nani?"
Napiga bandi. Midomo imebana pini, sijibu.

Aliyenihadithia si baba.
Baba alikufa na vita vyake mdomoni
kama punje ya karanga ambayo hakuitafuna wala kuitema.
Ni Koplo Lukanga, siku ya tatu ya matanga,
sahani ya matobolwa mkononi, hali,
akasema kama anayetaja bei ya chumvi:
"Unajua baba yako alikatwa mshahara kwa ajili ya blanketi?"

Ng'ambo ya mto Kagera, usiku, mvua.
Kijana wa upande ule amelala kifudifudi kando ya redio yake,
mguu mmoja buti, wa pili soksi,
soksi yenyewe imetiwa kiraka kisiginoni
kwa uzi wa rangi nyingine.
Kuna mtu alimshonea, alisema Lukanga.
Hicho ndicho baba yako alichokitazama.
Akamgeuza. Akamfumba macho. Akamfunika blanketi lake,
akalichomeka pembeni kama mama achomekavyo shuka,
na mwezi mzima baba akalala amejikunyata kama kuku aliyelowa.

Gwarideni Luteni akauliza: Blanketi lako liko wapi?
"Limepotea, afande."
Luteni alikuwepo usiku ule. Aliona.
Akaandika kwenye daftari la stoo: blanketi moja, limepotea.
Kisha akafanya jambo ambalo mkubwa hamfanyii mdogo:
akatangulia yeye kupiga saluti.
Mkono ulikaa juu, alisema Lukanga,
muda wa kuhesabu hadi saba.

Basi nashona.
Kanzu ya baba ya Idi, iliyolika kola.
Kaptula ya kaki ya mdogo wangu Mihambo, ya darasa la nne,
yenye doa la wino ambalo mama alilipigia kelele wiki nzima.
Kanga ya mama; mkasi umepita katikati ya maandishi,
zimebaki herufi nusu nusu, sijui tena zilimsema nani.
Gunia la tumbaku la Urambo: nimelifua mara tano,
bado linanukia.
Na katikati, bafta nyeupe, tupu.
Nilitaka kutarizi jina. Jina sina.
Nimetarizi kisigino tu, kwa uzi mwekundu,
mishono ya pupa, ya mtu ambaye mwanawe
anaita mlangoni kwamba gari linaondoka.

Kati ya pamba na bitana nimeificha karatasi ya mshahara
niliyoikuta kwenye sanduku lake la bati.
Makato: blanketi.
Ziko tatu, za miezi mitatu, amezibana kwa pini iliyoota kutu.
Mtu hatunzi hivyo deni. Hivyo hutunzwa cheti.

Jana Lukanga alikuja. Macho yamefifia,
vitu anavisoma kwa kidole gumba.
Nikamtandikia magotini.
Akapapasa kaki, akapita gunia, akapita kanga,
akafika kwenye kisigino.
Kidole kikasimama.

"Hapa umeshona vibaya," akasema.
"Ndivyo ulivyonihadithia."

Akanyoosha mgongo juu ya kigoda, visigino akavikutanisha.
Stesheni, treni ya Mwanza ikapiga honi.
Kisha akaniomba chai.

Upande mmoja bado haujapindwa, uzi wa kijani umeniishia.
Ukiukunja mfarishi, karatasi inachakarika ndani
kama mtu anayejigeuza usingizini
akivuta nguo.