Inchi Sitini na Saba

Futikamba ya Bi Shumi iliishia sitini.
Ilinizunguka nyonga, ikajinyoosha, haikukutana.
Kati ya ncha na ncha
palibaki kipande changu, upana wa kiganja,
kisicho na namba.

Akakohoa. Akatazama cherehani.
"Nitakadiria tu, mwanangu. Mato yangu yatosha,"
kwa sauti ile ya watu wa msibani.

Nimekadiriwa miaka thelathini na minne, Bi Shumi.
Duka la Langoni hunikadiria sijafika kwenye kaunta:
"Saizi yako haipo, dada. Labda dera,
dera humeza kila mtu."
Shangazi hunikadiria kwa upawa.
Nuru, binti ami yangu, hunihimiza nivae nyeusi,
nyeusi hupunguza,
kana kwamba mimi ni deni.

Usinikadirie. Nipime.

"Yeo waniamrisha?" Lakini akachukua chaki,
akatia alama ubavuni,
akaanza upya pale alama ilipokoma.
Saba zaidi.
"Sitini na saba," nikasema, kwa sauti,
hata mpwawe aliyekuwa akipiga pasi akageuka.
"Andika. Kwa wino."
Akaandika, katika daftari lile lile la kila mtu,
chini ya Saida wa thelathini na nane.
Namba yangu haikutoboa karatasi.

Kitambaa nilikileta mwenyewe:
manjano ya bizari, ile inayoganda kwenye kucha siku tatu.
Yadi sita.
Mikono mifupi.
"Mifupi?"
Mifupi. Viwiko vyangu vina vishimo,
navyo havijawahi kwenda harusini.
Kiuno kikamate. Tumbo usilifiche,
lilikaa nami nilipougua
wageni walipokuwa wakitazama saa.
Na pindoni acha akiba ya nguo,
si ya kupunguza:
nikiongezeka, tutafumua.

Usiku wa kupamba nilishika njia ya Mkomani.
Kichochoro kile kina upana wa punda mmoja na adabu.
Miaka yote mimi ndiye niliyejibana,
nikifika niendako na chokaa mgongoni.
Usiku ule nilitembea katikati.
Punda wa mchanga akasimama. Mwenyewe akamvuta kwenye daka.
Tukapita, mimi na buibui langu
na ile bizari chini yake ikichakarisha.

Ndani, wanawake peke yao, udi,
kipaza sauti kinachokoroma.
Nikavua buibui, nikalitundika msumarini.
Pakawa kimya kidogo, kimya cha hesabu.
Nakijua. Nikakiacha kiishe.
Nuru akasema "Masha," akameza mate,
"Allah."
Mama wa bibi harusi akanibandika kikuba kifuani,
akatafuta pa kupachika pini,
akacheka: "Hapa pana nafasi ya bustani nzima!"
Nikacheka pia, na safari hii
kicheko hakikuwa na mlango wa nyuma.

Maana kipo kile kingine. Mwaka juzi, Shela,
kiti cha plastiki kiliniganda, nikainuka nacho.
Nilicheka mbele yao,
nikalia chooni, bomba likiwa wazi.

Safari hii niliomba benchi.
Nikaletewa benchi.
Kumbe ni kuomba tu.

Sisemi napenda kila kitu.
Asubuhi kioo kilinikuta na manung'uniko yangu ya kawaida,
alama za mshono ubavuni,
kikuba kimenyauka juu ya mto.
Nikavaa dera, nikaenda sokoni kutafuta nazi.

Jumatano nikapita kwa Bi Shumi kulipa salio.
Hakuinua uso.
"Wamekuja wawili," akasema, "wataka manjano.
Mmoja akuzidi wewe."
Mlangoni, juu ya msumari,
futikamba mbili zilizoungwa kwa uzi mwekundu
zilikuwa zikining'inia,
ncha yake ikigusa sakafu.