Saa Mia na Ishirini

Serikali inataka saa mia na ishirini,
zimeandikwa kwa wino, zimetiwa sahihi,
kabla hajaruhusiwa kushika usukani peke yake.
Haba na haba, sawa. Lakini kibaba ni cha nani?
Kwao hakuna gari. Bibi yake hajawahi kuendesha,
na leseni ya mjomba ilimezwa na faini
juu ya faini, kama vumbi juu ya kabati.

Na kabla ya saa ya kwanza, cheti.
Taleah alizaliwa Dubbo, kando ya mto,
mwaka wa mafuriko, na hakuna aliyejaza fomu.
Kwa hiyo msichana wa miaka kumi na saba,
aliyenizidi kimo, mwenye sauti ya kuita mbwa mtaa wa tatu,
akaambiwa dirishani athibitishe kwamba amezaliwa.
Miezi minne. Dulcie wa ofisini alishika simu,
akisikilizishwa kinanda kilekile,
huku mkono wa pili ukikaanga mayai ya vijana wa asubuhi.

Mimi ni Clem. Nimeendesha malori miaka thelathini na mmoja.
Nilikuja kituoni, hapa Mount Druitt, kuziba bomba la sinki,
nikabaki. Jumatatu ni meza ya hesabu,
Jumatano tambi, Ijumaa mpira wa kikapu
chini ya taa moja iliyo hai.
Kuna mtoto huniuliza kila wiki kama mimi ni babu yake.
Namwambia bado tunachunguza.

Gari ni Corolla nyeupe ya msaada,
mlango una bonde, kipasha joto hakizimiki.
Katika saa ya tatu aligonga pipa la taka.
Katika ya kumi na moja tulizunguka kipilefti mara sita
kwa kuwa hakuna aliyetupisha,
tukacheka mpaka mara ya saba.
Mama yangu alikuwa na neno, yindyamarra:
heshima, na pia kwenda polepole, vyote kwa pumzi moja.
Nilimfundisha hilo kabla ya breki.
Mwenye pikapu nyuma yetu hakulijua,
akapiga honi.

Saa ya arobaini na mbili, polisi.
Wakatufuata kona ya kwanza, ya pili, ya tatu.
Sikusema kitu. Yeye hakusema kitu.
Kipasha joto kilivuma. Mikono yake
ilikaa pale nilipoiambia ikae;
yangu sikujua pa kuiweka.
Walipopinda kwenda zao, aliuliza tu:
"Nilionyesha ishara, sivyo?"
Ulionyesha.
Zote tatu.

Mwezi wa sita fedha za mradi zikaisha.
Barua ilisema matokeo yetu yanatia moyo.
Corolla ikarudi kwa wenyewe,
daftari likiwa na saa tisini na saba.
Dulcie akatupa funguo zake juu ya meza
bila kukata simu.
Petroli ilitoka kwenye chupa ya sarafu kando ya kibaniko cha mkate,
na yule mtoto wa babu alitia kifungo cha shati.

Saa za usiku tulizibakiza mwisho.
Tukampakia bibi yake nyuma, na mto wake, na soda ya tangawizi,
tukapanda Milima ya Buluu gizani,
malori yakitupita, nami nikiyatambua kwa mngurumo
kama mtu anavyotambua jamaa kwa kikohozi.
Bibi alilala Lithgow, akaamka Orange,
akaanza kuyataja mashamba
kwa majina ya watu waliofukuzwa humo.
Taleah alipunguza mwendo ili asikie.
Kulipopambazuka, mto.

Daftari lina safu: kutoka, kwenda, hali ya barabara.
Akaandika: Nyumbani. Nyumbani. Kavu.
Nikamwambia, waandikie majina ya miji, watakukatalia.
Akafuta la kwanza tu.