Mto wa Mti

Kambo Umba halazi kichwa chini.
Tulimnunulia godoro la sponji soko la Kenya,
na mto laini wenye maua.
Mto ameuweka miguuni.
Shingo kaiegemeza kwenye ngumi,
kichwa kinaelea
kama anayelinda yai lisiviringike.

Nywele zenyewe mvi, chache, zimekatwa.
Hakuna cha kulinda.

Alishuka treni kutoka Bukama
na mto wa mti ndani ya kikwembe:
wasichana wawili wamekumbatiana,
ubao juu ya vichwa vyao,
katikati umechimbika kidogo
kwa shingo za wanawake watatu.
Zamani, anasema, kusukwa kulikuwa safari.
Siku tatu. Mawese, udongo mwekundu,
mashangazi wakipokezana, huyu anakula, yule anasuka,
ngazi chini ya ngazi hadi kisogoni,
mwishoni pini za shaba
(shaba ileile iliyokuja kummeza babu).
Ukishasukwa hivyo hulali ovyo.
Usingizi wenyewe unashika adabu.

Mjomba Numbi aliuuza mwaka wa baiskeli.
Ndivyo tunavyouita: mwaka wa baiskeli.
Mnunuzi aliuviringisha kwenye gazeti,
akauliza kama upo mwingine.
Baiskeli iliibwa Kamalondo kabla ya Krismasi.

Mimi nina saluni Katuba, kibanda cha mabati;
ukutani picha za vichwa,
namba moja hadi ishirini na nne.
Juzi umeme ulikatika, mashine ikanyamaza,
Chola akabaki na nusu kichwa
na harusi ya dada yake saa tisa.
Kambo akavuta kigoda.
"Leta uzi. Mweusi."
Vidole vinavyoshindwa kufunga kifungo cha blauzi
vikapasua njia kati ya nywele
bila kioo, bila chanuo,
kwa ukucha wa kidole gumba.
Ngazi ya kwanza.
Ya pili.
Ya tatu, mkono ukasimama hewani.

"Huku nyuma," akasema, "walikuwa wanashika wao.
Mimi nilikuwa kichwa tu.
Sikuwahi kuona."

Nikamalizia nilivyojua, yaani nilivyobahatisha.
Chola akajipapasa kisogo, akauliza bei.
Nikatazama ukutani.
Haina namba.

Leo asubuhi amepita na ndoo ya maji,
anacheka, anasugua shingo:
"Wewe! Usiku mzima
nimelalia ngumi."