Kurasa Nne

Roli ya mwisho ilishushwa stesheni ya Moshi
ikiwa imelowa upande mmoja.
Mhariri aliipapasa kama ng'ombe mgonjwa,
akaniuliza, Anaeli, hii itatoa wiki ngapi?

Kahawa ilikuwa inateremka bado, ya Uru, ya Kibosho,
tuliisikia ikinadiwa jengo la pili kutoka kwetu.
Ikageuka fedha za kigeni,
na fedha zikapanga foleni: dizeli, dawa, vipuri.
Karatasi ilisimama nyuma kabisa,
imeshika kikapu kitupu.

Kumi na sita, kurasa zetu. Kisha nane. Kisha nne.
Matangazo yalikauka yenyewe,
nani atangaze sabuni isiyokuwepo?
Wafu tu ndio walilipa,
kwa sentimita, na picha juu yake.

Mashairi yalitangulia kutoka.
Mimi ndiye mpanga herufi, mimi niliyeyatoa.
Bibi Ndeonasia alileta beti saba;
nikazifanya tatu, juma lililofuata moja,
kisha nikamwandikia: samahani, nafasi hakuna.
Alijibu nyuma ya barua yangu ileile.
Naye hakuwa na karatasi.

Asubuhi moja Kiwoso alirudi saa mbili,
mikono mitupu, anacheka.
Zimekwisha?
Zote. Ndewirwa wa bucha kachukua bunda zima.
Tulipigana mabega kwa furaha,
mpaka mhasibu alipovuta kalamu:
nakala ishirini, kilo moja.
Ukizisoma, shilingi ishirini.
Ukifungia nyama, ishirini na tano.

Hakuna aliyecheka tena. Mashine ilikuwa inazunguka
kuipunguzia karatasi thamani yake.

Jioni nilipitia bucha, nusu kilo, na mafuta kidogo.
Nyumbani mke wangu alifungua.
Wino ulikuwa umehamia kwenye mafuta,
herufi kinyumenyume,
kama ninavyozisoma kila siku kwenye risasi kabla hazijachapwa.
Yeye aliona uchafu tu.
Mimi niliona ubeti mmoja, wa Ndeonasia,
vina vyake vimekaa sawa,
na kosa moja la herufi, langu.

Ngoja kidogo, nikamwambia.
Sufuria ilikuwa imeshapata moto.