Viti Vilivyo Chini ya Jiko

Durrës, saa nne asubuhi. Mlinzi langoni.
Nilimuuliza kwa vidole: pamefunguliwa?
Akatikisa kichwa, kushoto, kulia, kushoto,
nami nikageuka niende zangu
mpaka alipopiga mluzi, akacheka,
akanichania tiketi.
Huku kichwa kinachokataa kinakubali,
na kinachoitikia kinakataa.
Nililiandika hilo nyuma ya tiketi nisilisahau.
Nikalisahau.

Miaka elfu mbili kwa lek mia mbili:
miaka kumi kwa lek moja, rahisi kuliko ndimu.
Nikashuka ngazi zilizokaliwa na watu
waliokuja kutazama watu wakifa.
Uwanjani nyasi, paka mmoja, kopo la rangi.
Kisha duara likakatika ghafla
kama sentensi ya mtu aliyeitwa mlangoni:
ukuta wa nyumba, dirisha, pazia la maua,
suruali ya mtoto wa jirani
ikichuruzika maji juu ya Roma.

Dirishani, mwanamke. Akaninyooshea kikombe.

Jina lake Lumturi, maana yake furaha.
"Mama yangu alipenda mzaha," akasema
kwa Kitaliano cha televisheni, alichokiokota
akizungusha antena juu ya paa usiku,
enzi ambazo kusikiliza ng'ambo kulikuwa kosa.
Nikamjibu kwa changu cha mapokezi ya hoteli.
Kahawa nzito. Tini iliyochemshwa kwa sukari,
moja tu, kwenye kisahani, na glasi ya maji.

Kisha akakunja zulia, akanyanyua ubao,
na baridi ikapanda, baridi ya zamani sana,
ambayo bado haijaambiwa kuwa Kaisari amekufa.
Chini: njia ya wanyama, dari ya tofali,
na chupa zake kumi na saba za pilipili za siki
zimepangwa pale simba walipongojea zamu.
"Hazijawahi kuharibika. Warumi walijua friji."

Barua ya wizara ilikuwa nyuma ya saa ya ukutani,
ya nne, au ya tano.
Wanataka duara zima. Nyumba ishushwe,
mtini ung'olewe,
ili watu kama mimi tuone vizuri.
"Wanalipa kwa mita ya mraba," akasema.
"Besnik wangu alifia mita gani?"
Akanionyesha: hapa, kati ya jiko na kabati.
Gentian alijifunzia kutambaa papo hapo;
sasa yuko Bari, usiku mmoja kwa feri,
anatengeneza lifti katika majumba ya wengine.
"Nyumba hii ina miaka tisini na mitatu.
Kwa bei ya pale langoni, ni kiasi gani?"
Nikapiga hesabu. Sikumwambia.

Kwetu husema mgeni njoo, mwenyeji apone.
Nilikaa na methali hiyo mdomoni pamoja na tini,
nikashindwa kuitafsiri.
Mgeni alikuwa ameshakuja.

Nikauliza lile swali la kijinga
ambalo wageni huuliza viatu vikiwa miguuni tayari:
Utahama?
Akaitikia kwa kichwa, juu, chini, taratibu,
huku akinifungia chupa moja katika gazeti.
Nikamwambia pole. Kwa Kiswahili,
maana Kitaliano changu hakina neno hilo.
Hakunielewa. Akacheka, akafunga mlango.

Bandarini, kwenye foleni ya feri,
siki ilikuwa imevuja mpaka kwenye mkoba.
Nikapapasa mfukoni karatasi ya kufutia vidole,
nikatoa tiketi,
nikakutana na mwandiko wangu mwenyewe.