Kwa Utafiti Tu

Kisanduku kilifika Jumapili, saa saba mchana,
Al Khoudh, nyuzi arobaini na sita kivulini.
Dereva alikisahau garini akaenda kuswali.
Nakifungua moyo unanienda mbio:
barafu imebaki kipande cha sabuni,
na katikati kichupa kidogo kuliko kidole changu cha mwisho.
Mikrolita mia, mshahara wa wiki mbili.
*Kingamwili ya sungura dhidi ya osteokalsini ya binadamu.
Kwa utafiti tu. Si kwa kutambua maradhi.*
Nikaigawa matone matone upesi,
maana kitu hiki hakipendi kugandishwa mara mbili.
Ukikiyeyusha ukakirudisha, kinasahau.

Mama aliniuliza: Sungura huyo walimchinja?
Walimtoa damu tu, mama, sikioni.
Basi ana thawabu zake, akasema,
akageuza shavu kwenye mto wa wodi,
nyonga yake ya chuma ina siku tatu duniani.
Hakuanguka popote pa maana:
jikoni kwetu Mabela, kwenye maji ya mchele.
Juu ya paa letu jua la kukaanga mayai,
na daktari anasema mifupa yake ina njaa ya jua.
Miaka yote limesimama mlangoni.
Nani alilifungulia?

Walipomletea karatasi, autoe mfupa ule wa zamani,
alitia sahihi kwa mwandiko wa darasa la sita, Unguja,
Zuwena binti Khalfan,
mkia wa *f* ukitoboa mstari wa chini.
Kisha: Utaona nilichonacho?

Maabara hakuna Zuwena.
Kuna thelathini na moja, thelathini na mbili, thelathini na tatu.
Mmoja wao alininyonyesha.
Wiki tano mfupa unalowekwa hadi unalainika kama muhogo,
unakatwa wembamba wa ngozi ya ndani ya kitunguu.
Nadondosha tone, moja kwa mia mbili,
nafunga friji, narudi nyumbani.

Usiku inafanya kazi yake peke yake.
Haisomi protini nzima,
haiulizi kabila wala mwaka wa kufika.
Inatafuta mkunjo mmoja mfupi:
upo, inashika; haupo, inapita.
Kama siku ile soko la Seeb, mfuko wa ndimu ulipopasuka
na mama akasema, Jamani!
Mtu wa kanzu na kofia kama wanaume wote
akageuka kutoka meza ya tatu ya samaki:
Shikamoo bibi, kwani nyinyi wa wapi?
Silabi tatu.
Wakashikana mpaka adhana.

Asubuhi naosha, naongeza ya pili, ya mbuzi,
kwani sungura haonekani kwa macho.
Sungura anaujua mfupa, mbuzi anamjua sungura,
mimi namjua mbuzi kwa rangi yake.
Kahawia inaingia polepole, kama majani ya chai kwenye maji.
Thelathini na moja: waashi wa mfupa wamejipanga ukingoni, wamekolea.
Thelathini na mbili, vivyo hivyo.
Thelathini na tatu: mwashi hapa,
mwashi kule,
na baina yao ukuta mrefu mweupe.
Nikarudia kazi yote.
Nikatazama kioo cha kulinganishia, nisichokitia kingamwili:
kitupu, kama inavyotakiwa.
Kosa si langu. Ningependa liwe langu.

Jioni, Mabela, mama na mkongojo wake wa miguu minne.
Haya, umeniona?
Ni kwa utafiti tu, mama. Hakuna majina.
Akanikagua kama anavyokagua mashavu ya samaki.
Na hao mafundi wako, wanaojenga. Wapo?
Wapo.
Wangapi?

Nikakitoa kiti chake uani,
upande ambao jua la saa kumi limeanza kupoa.
Akalalamika kuwa litamharibu rangi.
Akakaa.