Fomu ya Kuhamia Karonga

Taarifa ya benki, miezi sita,
karani wa Tukuyu kaipiga muhuri ukalala upande.
Pensheni yangu inaonekana humo mara sita:
inaingia leo, kesho yake inaaga,
kama mgeni aliyekuta nyumba haina chai.

Tusekile anasoma kwa miwani yangu:
“Uthibitisho wa kipato. Cheti cha ndoa. Mwenza tegemezi.”
Anacheka. “Tegemezi hapa nani?”
Ng'ambo ya Songwe ni kwao yeye.
Mimi ndiye nitakayeandikwa chini ya jina lake.

Cheti hatuna. Tuna ng'ombe watano
walioswagwa hadi kwa baba yake
mwaka ule mto ulipofurika;
waliogelea mpaka bila pasi,
na mmoja akazalia huko huko.
Ndama yule hakuulizwa atakaa siku ngapi.

Penye “Mali” nimeandika: migomba,
kahawa mistari minane, redio.
Nikaifuta redio.

Mvua ya Rungwe haijaacha bati tangu asubuhi.
Penye “Sababu ya kuhamia” wameacha mistari mitatu.
Tusekile ameandika neno moja, kwa penseli:
Kuzeeka.
Sasa anauliza
kama nalo linataka kiambatisho.